Tetemeko la Saa Nne

Kijiji cha Keza,
Wilaya ya Ngara,
15 Juni 1997.

Kwa mdogo wangu Telesfori, mwana wa Bahizi, huko Nyakahura, Biharamulo.

Anayekuandikia ni mimi kaka yako Fideli, mwenye miaka sabini na tisa iliyotimia na meno kumi na saba ya kwangu mwenyewe. Nimeishi kupita Mwingereza na bendera yake. Nimepita vita vya Burma, nilikobeba bunduki na mgonjwa kwa pamoja. Nimepita ndui, nimepita njaa ile tuliyochemsha mizizi ya migomba, nimepita vita vya Kagera, nimepita na ile gharika ya watu iliyovuka daraja la Rusumo ikamaliza kuni za wilaya nzima kabla ya mvua. Vyote hivyo vimekwenda na mimi nipo, nimekaa kwenye kigoda changu, naandika. Nitajie mwingine wa rika letu anayeweza kusema hivyo.

Barua yako ilinifikia kwa mkono wa dereva wa lori la mahindi. Shikamoo uliyoniandikia nimeipokea: marahaba, mdogo wangu, marahaba sana. Na wewe je, kifua kimetulia? Shemeji hajambo? Ng'ombe wamepona ule ugonjwa wa kwato? Mimi nina afya, isipokuwa goti la kushoto, nalo linauma pale linapotaka lenyewe. Migomba imezaa. Mahindi yameliwa na nguruwe pori na nguruwe mmoja ameliwa na sisi, kwa hiyo tumelipana.

Utashangaa kuona mwandiko huu unaopanda na kushuka kama njia ya Bugarama. Siku zote barua zangu huandikwa na mtu mwenye shule. Hii nimeiandika mwenyewe, kwa herufi nilizofundishwa na katekista mwaka niliobatizwa, na leo ni siku ya sita. Nimefanya hivyo ili usije ukasema haya si maneno ya Fideli.

Umeniuliza jambo moja. Umesema Gozbert fundi mwashi amehamia huko kwenu, ni jirani mwema, na mwanawe Samweli anamtaka binti yetu Yuster. Umesema pia kwamba umesikia kuna neno kati yangu na huyo Gozbert, na kwamba hutapokea kibuyu cha posa kabla mimi kaka yako sijafungua kinywa. Umefanya vyema kuuliza. Basi kaa chini, mwambie mkeo azime redio, usome polepole.

Habari inaanzia kwenye mtambo. Wewe ulihama Keza kabla haujaletwa. Alikuja kijana mmoja wa Mwanza anaitwa Injinia Faustini, na Land Rover, akazunguka kilima baada ya kilima akitafuta mwamba usio na mashaka, na mwamba huo akaupata wapi? Nyuma ya zizi langu. Tukachimba shimo, tukalisakafia, akaweka chini sanduku zito kama jiwe la kusagia, akavuta waya hadi kwenye kibanda cha bati. Ndani ya kibanda kuna pipa dogo linalozunguka taratibu mchana na usiku, limevishwa karatasi, na kalamu ya wino imeegemea juu yake. Ardhi ikitulia, kalamu inachora mstari ulionyooka. Ardhi ikicheza, kalamu nayo inacheza. Mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wake. Kila asubuhi natoa karatasi, naandika tarehe nyuma yake, navisha nyingine, naongeza wino, nafuta vumbi kwenye sola. Miaka mitatu sikukosa siku hata moja. Injinia mwenyewe alisema katika mitambo yote anayoitembelea hakuna karatasi safi kama za Keza, na akasema mbele ya watu.

Nikajifunza kuisoma ile kalamu kuliko alivyodhani. Ng'ombe akipita karibu, ni vinyweleo. Lori la kambini, ni kivimbe kinachonenepa na kukonda. Tetemeko lina mlango wake. Kwanza linabisha hodi kidogo, halafu linanyamaza kidogo, halafu linaingia na miguu yote. Injinia alinieleza kwamba ardhi inapovunjika huko mbali inatuma wajumbe wawili kwa wakati mmoja, mmoja kama mtu wa baiskeli, mwingine kama mtu wa miguu. Ukipima nafasi kati ya kufika kwa wa kwanza na kufika kwa wa pili, unajua wametoka umbali gani. Lakini hujui upande. Kwa hiyo wanachukua umbali wa mtambo wangu, wa mtambo wa Kigoma na wa mtambo wa Mwanza, wanachora kwa bikari duara tatu juu ya ramani, kama mbuzi watatu waliofungwa kamba kila mmoja kwenye kigingi chake. Pale ambapo mbuzi wote watatu wanaweza kula jani moja, hapo ndipo ardhi ilipovunjika. Wanatia nukta nyeusi. Telesfori, mimi mwenye darasa la ubatizo nililielewa hilo mara moja. Mwenyekiti wa kijiji alielezwa mara nne akaishia kuuliza mbuzi ni wa nani.

Sasa tuje kwenye mwezi wa nane, mwaka tisini na tano. Siku zile malori ya chakula cha wakimbizi yalipita hapa tangu asubuhi mpaka jioni, na nyumba zilitetemeka mpaka vikombe vikatembea mezani. Mtu alikuwa hashtuki tena. Gozbert alikuwa ametajirika kwa kujenga. Kila aliyetaka ghala alimwita yeye, naye alijenga kwa haraka, mchanga mwingi, saruji ya kunusishwa tu. Nilimwambia kwa kinywa changu, siku alipokuwa anajenga ghala la maharage njia ya kambini, kwamba ukuta ule unaegemea kama mlevi. Akacheka. Akaniambia, “Mzee Fideli, wewe linda sanduku lako, ukuta niachie mimi.” Hayo maneno niliyaweka mahali pakavu.

Shemeji yako Restuta alikuwa akifanya kibarua cha kuchambua maharage pale ghalani pamoja na wanawake wengine. Siku ile kengele ya shule ya mapumziko ya saa nne ilikuwa imelia, na wanawake walikuwa wamehamia kivulini, chini ya ukuta. Ukuta ukashuka wote kwa mara moja. Wengine walikimbia. Restuta alikuwa na goti baya kama langu. Mimi nilikuwa Bugarama kuangalia dume la mbegu, nikaitwa, nikarudi nikakuta ameshatolewa, amelazwa juu ya magunia, na maharage yamejaa kwenye nywele zake. Miaka arobaini na sita ya ndoa, mdogo wangu. Kesho yake nilitoa karatasi ya mtambo kwa mikono yenye udongo wa kaburi, nikaikunja bila kuitazama, nikaitia kwenye sanduku la karatasi za kwenda Mwanza. Hiyo ndiyo siku pekee ambayo sikuitazama karatasi.

Aliyemwosha Restuta ni Felisita, mama yake Gozbert. Kumbuka jina hilo. Alikuja bila kuitwa, akafunga kanga kiunoni, akamwosha na kumchambua maharage kwenye nywele punje moja moja, akilia.

Gozbert naye alikuja matangani na mtungi wa pombe ya ndizi. Akasema mbele ya wazee kwamba pole mzee, hii ni kazi ya ardhi, palikuwa na tetemeko, hata yeye mwenyewe alilisikia miguuni, hakuna binadamu wa kulaumiwa. Wengine wakaitikia kwamba huenda. Wengine wakasema ah, lilikuwa lori. Mimi nikasimama. Niliuinua mtungi wake nikaumwaga pole pole mbele ya mlango, mpaka tone la mwisho, nikamrudishia mkononi. Moyoni nilikuwa nacheka, Telesfori. Mtu huyu ametaja tetemeko mbele ya nani? Mbele ya mlinzi wa mtambo! Kama angesema ni mashetani ningeshindwa. Lakini alijificha kwenye nyumba ambayo ufunguo wake ninao mimi.

Nikamwomba Injinia anitumie orodha ya matetemeko ya mwezi ule, kama ile wanayowapelekea wakubwa. Nikangoja wiki tisa. Wiki tisa hizo nilimsalimu Gozbert kila tulipokutana, nikamuuliza hali ya mama, nikamsifu ukuta mwingine aliokuwa anajenga. Mchinjaji anayejua kazi yake hampigii ng'ombe kelele. Orodha ikaja kwa posta, na ramani yenye nukta. Nikaitafuta tarehe ya Restuta. Ilikuwepo. Siku ile tetemeko moja tu liliandikwa, na saa yake ilikuwa saba na dakika kumi na mbili.

Wewe unajua kwamba mimi nina saa ya mkono tangu jeshini, na nilikuwa naisoma wakati nyinyi mnapima jua kwa vidole. Mshale ukielekea kwenye saba, asubuhi, sisi tunasema saa moja. Kwa hiyo tetemeko lilipita saa moja na dakika kumi na mbili, watu wakiwa wanaota moto na kunywa uji, na ukuta ukabaki umesimama. Ulikuja kuanguka saa nne, ardhi ikiwa imelala. Nilibusu ile karatasi. Nilifika kaburini kwa Restuta nikamsomea.

Basi baraza likaitishwa. Ungelikuwepo! Nilivaa koti la jeshi. Gozbert akasimama akasema yale yale, kwamba kengele ilikuwa imelia, kama dakika kumi hivi baadaye ardhi ikacheza na ukuta ukaja. Nikamuacha amalize. Nikamuuliza anaapa? Akaapa. Ndipo nikaitoa orodha na ramani, nikaipitisha kwa kila mwenye macho. Mwalimu mkuu akaisoma kwa sauti, saba na dakika kumi na mbili, akasema ndiyo, hiyo ni saa moja asubuhi. Kila mtu mwenye saa akatazama mkono wake, akageuza mshale kichwani kama tunavyogeuza wote, akaafiki. Gozbert akatoka jasho. Akasema, “Mzee, sanduku lako limekuwa Mungu?” Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba Mungu hatunzi karatasi, mimi natunza. Wakacheka zaidi, lakini sasa upande wangu. Halafu nikashika rozari ya Restuta, nikaapa kwamba siku ile saa nne ardhi ya Keza haikutikisika, na kama nasema uongo ardhi hiyo inimeze.

Gozbert hakufungwa, maana serikali ilikuwa na wakimbizi wa kuhesabu. Lakini unajua adhabu yetu. Aliondolewa kwenye mrija. Popote penye mtungi, mirija inapogawiwa, wake hautolewi. Akaondolewa kwenye machela. Hilo la pili nililidai mimi, kama mwenyekiti wa chama cha machela: mgonjwa wa nyumba yake hatabebwa na mabega yetu wala maiti yake haitazikwa na majembe yetu. Hakuna aliyempa tena tofali la kushika. Akipita, watoto walikuwa wanatingisha miguu wakisema tetemeko hilo, tetemeko hilo. Niliwasikia na nikawapa miwa. Mwaka mzima nililala vizuri. Nilinenepa. Wanaosema kisasi hakishibishi hawajakipika kikaiva.

Mpaka hapa ni habari unayoweza kuisikia kwa yeyote wa Keza. Inayofuata hakuna mtu wa Keza aliyeijua mpaka wiki hii, isipokuwa mimi.

Mwanzoni mwa mwaka jana alikuja kwangu Mrundi mmoja kutafuta kibarua, jina lake Ciza. Alikuwa mwalimu kwao, akakimbia, akawa analala kambini Lukole na kuja kunilimia. Mtu mpole, asiyetania sana. Mwezi wa tisa Injinia Faustini akaja kuung'oa mtambo, kazi ya kupima ikiwa imekwisha. Tulimsaidia mimi na Ciza kubeba. Tulipokaa kula, nikaona huyu kijana asiondoke bila kujua mtambo wake ulifanya kazi gani. Nikamsimulia yote, baraza, rozari, saa moja na dakika kumi na mbili, na jinsi Gozbert alivyotota jasho. Injinia akacheka, akaacha kucheka. Akauliza, “Mzee, uliihesabu hiyo saa vipi?” Nikamwonyesha kwenye mkono. Akaweka sahani chini. Akasema saa za orodha si za hapa. Mitambo ya dunia nzima inaandika kwa saa ya mahali pamoja, saa ya Grinichi huko Uingereza, ili karatasi ya Keza na karatasi ya Japani zisigombane. Ukitaka saa ya hapa unaongeza tatu ndipo ugeuze mshale. Saba, nane, tisa, kumi. Kumi na dakika kumi na mbili. Saa nne na dakika kumi na mbili, mzee.

Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo, akasema kwa adabu kwamba hakujua orodha ile itapelekwa barazani; mimi kazi yangu ilikuwa kuvisha karatasi. Akaongeza kwamba tetemeko lile lilikuwa la wastani, nukta yake iko ng'ambo ya mpaka, si mbali, na kuta nyingi mbovu zingeweza kuangushwa nalo. Kuta mbovu, nikamwambia, umesema mwenyewe, kuta mbovu! Akanawa mikono. Ciza alikuwa anatazama chakula chake.

Walipoondoka niliingia ndani nikatazama ukuta wa chumba cha kulala. Sasa ndiyo nakuambia, Telesfori. Siku tuliyomzika Restuta niliona ufa kwenye ukuta ule, kutoka dirishani mpaka chini, mpana wa kidole. Jana yake haukuwepo. Nilijiambia ni malori. Wiki ile ile niliukanda udongo na samadi nikauziba, na kila Pasaka nikapaka chokaa. Mimi ninayetofautisha ng'ombe na lori kwa ncha ya kalamu, sikutaka kujua ufa wa nyumba yangu umechorwa na nani.

Ningeweza kwenda kwa mwenyekiti jioni ile. Sikwenda. Nilihesabu hivi: nikisema, Gozbert atakunywa kwa mrija wangu na kucheka tena kama alivyocheka pale ghalani. Na ukuta ulikuwa mbovu, huo ni ukweli. Na Restuta amekufa, huo pia ni ukweli. Nikamwambia Ciza anyamaze. Akasema yeye ni mkimbizi, neno lake haliingii barazani hata akitaka. Nikafurahi.

Siku kumi na moja baadaye, asubuhi, mvua ikinyesha, Gozbert alikuja mwenyewe mpaka kwenye lango langu. Mama yake Felisita alikuwa ameshikwa na tumbo, hawezi kukaa, hawezi kulala, na njia ya kufika kwenye barabara ya magari ilikuwa matope matupu. Alisimama nje ya lango akilowa. Akasema shikamoo. Sikuitikia. Akasema mara ya pili, shikamoo mzee. Nikaendelea kutengeneza mpini wa jembe. Akasema hajaja kwa ajili yake, amekuja kwa ajili ya mama, ananiomba mimi mwenyekiti nipige baragumu la machela, watu wanane tu, mpaka barabarani, halafu tuendelee kumchukia tunavyotaka.

Nikamwambia, “Ita tetemeko limbebe.”

Hayo ndiyo niliyosema, na niliyasema nikijua. Usije ukasoma barua hii ukadhani nilikuwa gizani. Orodha ilikuwa ndani ya koti langu. Saa nne na dakika kumi na mbili nilikuwa nayo kichwani kama jina langu.

Akaondoka. Yeye na Samweli, huyo huyo anayemtaka Yuster, wakamfunga bibi kwenye baiskeli kwa kanga na kamba ya katani, mmoja akisukuma, mmoja akimshikilia. Nilikuwa nawaona kwa mbali wakipanda kilima, wanateleza, wanasimama, wanapanda. Kabla ya kufika barabarani walisimama, hawakuendelea. Wakageuza baiskeli. Walimzika wawili hao na jembe lao moja. Mimi nilikaa ndani. Mikono iliyomchambua mke wangu maharage kwenye nywele, nilikataa kuibeba.

Kesho yake Ciza hakushika jembe. Alisimama mlangoni ameshika kifurushi chake. Nilimpa mkungu wa ndizi, hakuuchukua. Akaniambia, na nayaandika kama alivyoyasema, “Mzee, mimi kwetu sikukimbia walioshika mapanga peke yao. Niliwakimbia na wale waliojua wakanyamaza.” Akateremka kuelekea Lukole. Nimekuwa mkali kwa watu maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kunigeuzia mgongo nikakosa la kumtukania. Siku ile nilikosa.

Kabla ya Krismasi, wakati Wanyarwanda wanarudishwa kwao na barabara imejaa magodoro, Gozbert akapakia mabati yake akahamia huko kwenu. Nilidhani nimemaliza. Kumbe amekwenda kukaa jirani ya mdogo wangu, na mwanawe amemwona binti yetu. Ulipoandika hivyo nilikusudia kukujibu kwa mstari mmoja: kataa, ni nyumba ya muuaji. Nilikuwa nimeshaandika “kataa”. Nikakaa na hilo neno siku mbili. Halafu nikachukua panga nikaenda chumbani, nikakwangua chokaa, nikakwangua udongo na samadi, mpaka ufa wote ukawa wazi. Upepo unapita. Sitauziba tena.

Basi hili ndilo neno la kaka yako. Kibuyu cha posa kipokee. Yuster akimtaka huyo kijana, aolewe naye. Aliyemsukuma bibi yake kwenye matope hatamwacha mkewe njiani. Mimi arusini siji. Usimtume mtu kunibembeleza, goti halipandi lori.

Ndani ya bahasha hii nimeweka ile orodha na ile ramani. Pembeni ya saba na dakika kumi na mbili nimeandika kwa mkono wangu: saa nne, Keza. Mpe Gozbert. Mwambie nakala ya maneno haya nimempelekea mwenyekiti wa kijiji jana, asome barazani, na nimeng'atuka kwenye machela kabla hawajaning'oa. Mwambie kiapo changu nimekiondoa. Chuki sijaiondoa. Ukuta wake ulikuwa mbovu na alinicheka nilipomwambia, na kwa hilo nitamchukia mpaka nimkute Restuta, na nikimkuta nitamuuliza kama niendelee. Asidhani nimelainika.

Lakini mwambie na hili. Alisimama langoni kwangu kwenye mvua akasema shikamoo mara mbili. Namwitikia: marahaba. Ya pili nayo, marahaba. Asiniitikie chochote.

Nisalimie shemeji na watoto wote mmoja mmoja kwa majina yao. Yuster mwambie nimemtunzia kigoda cha mama yake mkubwa Restuta. Dereva wa mahindi atakileta akipita tena. Ng'ombe wa kwato wapakeni majivu ya moto na chumvi. Kifua chako kifunike asubuhi.

Ni mimi kaka yako,
Fideli, mwana wa Bahizi,
aliyekuwa mlinzi wa mtambo wa Keza.

Ukitaka kuthibitisha niliyoandika, muulize Ciza, mwalimu, kambi ya Lukole, ingawa sijui kama atakubali kulitaja jina langu. Muulize Injinia Faustini, Mwanza. Muulize Samweli habari za asubuhi ile, alikuwa ameshika baiskeli. Na yeyote atakayesema mzee amezeeka anabuni, mlete Keza, mwingize chumbani kwangu, apitishe kidole chake kwenye ufa kuanzia dirishani mpaka chini.